Muzee wa Sikio la Kushoto

Siku ya kuniaga mlinipa maikrofoni, nikasema maneno mawili matatu, umeme ukakatika. Baadhi yenu mkapiga makofi mkidhani hotuba imekwisha. Basi yaliyobaki nayaandika, maana karatasi haingoji umeme, na ninyi vijana wa chumba cha mashine ya kichwa mna haki ya kujua mmerithi nini mbali na kile kiti kinacholia. Vyeo sitavieleza. Vilichelewa vyote, na kimoja kilipofika kilikuwa kimeandikwa jina la mtu mwingine. Nitaeleza kazi.

Nilianzia wodi ya watoto, hapa hapa Bukavu, kabla ya kutumwa kwenye chumba cha mwisho wa korido "kwa muda kidogo." Huo muda kidogo umekwisha mwezi uliopita. Ndani nilimkuta Papa Birindwa, muuguzi mwenye mvi, aliyekuwa katekista huko Miti kabla ya kuvaa koti jeupe. Alikuwa na sauti nzito na tulivu, ya mtu aliyezoea kufundisha kanisa zima bila kipaza sauti. Akisema "kaa," hata waliomsindikiza mgonjwa walikaa, na mara moja hata mwakilishi wa serikali aliyekuja kutukagua alikaa. Mimi nilikuwa tayari mama wa watoto, lakini kwake nilikuwa binti, na wagonjwa wakamfuata katika hilo.

Somo lake la kwanza halikuwa la ubongo. Lilikuwa la nywele. Mnajua kwamba ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo sana, na kwamba sisi tunabandika vikombe vya chuma kichwani ili mashine ichore mistari ya umeme huo. Penye kifafa mistari inarukaruka. Lakini mafuta yakiwa kichwani mashine haioni kitu, kwa hiyo kila mgonjwa aliambiwa afumue nywele, aoshe, asipake chochote. Sasa, mtu wa Bukavu hawezi kwenda kwa daktari kama mtu aliyetoka kulima. Kila maman alikuja na misuko mipya iliyokazwa mpaka nyusi zimepanda, juu yake wigi, juu ya wigi kitambaa, na mafuta ya kutosha kukaanga ndizi. Papa Birindwa alimfumua mwenyewe bila kulalamika, akamwosha kwa sabuni ya kufulia na yale maji yetu ya baridi ya asubuhi. "Kichwa yenye mafuta inatoa ushuhuda ya uongo," aliniambia. Miaka yangu miwili ya kwanza nilijifunza zaidi ususi kuliko uuguzi.

Watu walituogopa. Wengine walidhani waya zinanyonya mawazo, wengine walitumaini hivyo. Kuna bwana mmoja alimleta mke wake kutoka Bunyakiri, akaitazama mistari inavyotoka, akanivuta pembeni.

"Hii karatasi inaonesha anawazaka nani?"

Papa Birindwa alikuwa amesikia. "Inaonesha tu kama mutu anawazaka, papa. Tukupime na weye?"

Yule bwana akakumbuka kwamba ana shughuli nje.

Msidhani tulikuwa tunacheka siku nzima. Nimesafisha mikono iliyoungua kwa sababu mtu alianguka motoni, na majirani walikimbia wakiogopa povu lake. Povu la kifafa halimwambukizi mtu. Limenirukia usoni mara nyingi na ninyi mnaniona mzima. Na kijiko mdomoni, nawaomba, hapana. Nimeona meno mengi zaidi yaliyovunjwa na kijiko cha wasamaria wema kuliko yaliyovunjwa na ugonjwa wenyewe, na kila mara nilikasirika kama mara ya kwanza.

Kisha akaja Dokta Murhula. Alikuwa kijana wa hapa hapa aliyekwenda kusomea magonjwa ya ubongo ng'ambo, akarudi na miwani, kikohozi na furaha nyingi. Yeye ndiye alitueleza habari ya upande wa lugha. Ubongo una nusu mbili, alisema, na kwa watu wengi maneno yanakaa nusu ya kushoto. Lakini mtu aliyeanza kuanguka akiwa mtoto mchanga, na kasoro yake iko kushoto, mara nyingine maneno yake yanahama. Papa Birindwa alielewa upesi kuliko mimi. "Kama batu ba ku mulima," alisema. "Udongo ikianza kuporomoka, banabeba sufuria banaenda kujenga ngambo ingine." Dokta alitumia mfano huo katika mafundisho yake yote tangu siku ile, bila kumtaja mwenyewe.

Habari hiyo ingebaki mafundisho tu kama si Maman Faida. Huyu alikuwa muuzaji wa sambaza, mkaaji wa Bagira, na meza yake ilikuwa sokoni Kadutu. Wale samaki wadogo wanafanana kwenye kila meza, kwa hiyo kinachouza ni mdomo. Wa kwake ulikuwa mdomo wa kwanza sokoni. Aliita, alisifu, alibembeleza, alitukana kwa namna ambayo aliyetukanwa alinunua. Lakini kifafa kilimkamata tangu uchanga, na dawa zote tulizokuwa nazo zilimshinda. Alikuwa ameanguka juu ya karai la mafuta ya moto, na mara moja majini pale mitumbwi inapotia nanga. Binti zake walikuwa hawamwachi peke yake hata chooni.

Mistari yake ilionyesha kasoro moja tu, upande wa kushoto, karibu na sikio. Dokta Murhula alifahamiana na wapasuaji wa nchi nyingine waliokuwa wakikata sehemu kama hiyo, na mtu anapona. Walikubali kumpokea, ila kwa sharti moja: tuwathibitishie kwamba lugha yake haikai hapo watakapokata. Wao walikuwa na njia yao ya kuhakikisha, lakini hawakutaka mtu asafiri mbali hivyo kwenda kuambiwa rudi. Dokta alimweleza Maman Faida yote bila kuficha. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo binti zake walisema hawajawahi kuliona.

"Mukiniondolea kifafa na munaondoa na mulomo," alisema, "basi muniachie kifafa yangu. Nitauzisha sambaza na nini? Na macho?"

Hatukuwa na mashine kubwa ya kupiga picha za ubongo. Dokta akasema kuna kipimo cha masikio, kinahitaji tu écouteurs za kuvaa masikioni na sauti zilizorekodiwa. Kila sikio linapeleka habari zake zaidi kwenye nusu ya ubongo iliyo ng'ambo yake. Ukiyapa masikio mawili maneno tofauti kwa wakati mmoja, mtu atataja zaidi yale ya sikio lililo ng'ambo ya upande wa lugha. Akitaja ya kulia, lugha iko kushoto. Akitaja ya kushoto, lugha imehamia kulia. Ni rahisi hivyo, na ndiyo maana tuliharibu.

Rekodi iliyotoka Ulaya ilikuwa ya Kifaransa, imejaa majina ya ndege na vyombo vya huko. Mzee mmoja tuliyemjaribu nayo aliitikia "amina" kwa kila neno. Basi tukatengeneza yetu ya Kiswahili, na maneno ya nyumbani: sahani, kitunguu, muhogo, mulango. Kwa kuwa tulikuwa wawili tu wenye nafasi, Papa Birindwa alirekodi maneno ya sikio la kushoto na mimi ya sikio la kulia. Dokta aliyapanga katika kompyuta yake ili kila neno langu lianze sawasawa na la Papa. Papa alijiandaa kwa kunywa maji ya tangawizi, kama anakwenda kuimba misa ya Pasaka.

Maman Faida akavaa, akasikiliza, akajibu. Yote ya kushoto. Muhogo, akasema, sahani, ndizi, na la kwangu hata moja hakulitaja. Lugha yake basi ilikuwa imehamia kulia, na kisu kingeweza kupita. Dokta alirukaruka humu chumbani mpaka akapiga kichwa kwenye rafu. Binti za Maman Faida walilia. Jumapili yake Bagira walitoa misa ya shukrani, Maman Faida akaimba mwenyewe, na barua ya Dokta ikaandaliwa kwenda kwa wapasuaji.

Dokta alipopata moto alipima kila aliyepita koridoni. Wagonjwa wengine: kulia. Wapishi: kulia. Mlinzi wa geti, ambaye hajaugua hata mafua: kulia. Sote tulikuwa na lugha upande ambao vitabu vinasema lugha haikai. Mtu mmoja tu alitoka kushoto, naye ni meneja wetu wa wakati ule, bwana asiyengoja mtu amalize sentensi. Dokta alimhurumia. Alimwambia kwa upole kwamba ubongo wake umejengwa tofauti na wa watu wa hapa, na meneja akafurahi, akasema amekuwa akilihisi hilo. Dokta akaanza kuandika makala ndefu kuhusu ubongo wa watu wa Kivu. Kurasa zake za kwanza nilizisoma, na zilikuwa tamu.

Barua ilikuwa bado haijaondoka Maman Faida alipokuja na karai la sambaza zilizokaangwa, kutushukuru. Tulikula tumesimama, Dokta, Papa na mimi. Kisha akapangusa mikono na kitenge chake, akamgeukia Papa Birindwa.

"Papa, ile siku ya écouteurs nilinyamaza juu ya heshima. Lakini leo nitasema. Huyu binti yako hana adabu."

Niliacha kutafuna.

"Weye unaanza neno, na ye anaanza neno. Unasema ingine, na ye anasema ingine. Hakungojee hata mara moja. Kwabo hawakumufundishaka?"

Dokta Murhula alikuwa ameshika sambaza karibu na mdomo. "Maman," aliuliza polepole, "maneno yake uliyasikia?"

"Niko kiziwi? Niliyasikia yote. Muzee anasema muhogo, ye anasema kitambaa. Muzee anasema sahani, ye anasema mulango."

"Na juu ya nini haukuyataja?"

Alimtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini tunavaa nguo. "Muzee akiwa anasema, nitaruka muzee nijibie mutoto?"

Dokta akairudisha sambaza karaini. Akaketi kwenye kile kiti kinacholia, kikalia. "Kumbe ni adabu njo tulikuwa tunapima," alisema. Tulikumbuka wapishi, mlinzi, wagonjwa wote, watu waliolelewa vizuri ambao hawakuthubutu kumkata katekista kauli hata akiwa ndani ya waya. Tulimkumbuka na meneja pia, lakini hakuna aliyesema neno. Makala ya Dokta ilikufa pale pale, na sijui mtu aliyeiomboleza kuliko mimi.

Kisha ikabidi kumwambia mwenye karai. Alikuwa amekwisha kutoa misa, amekwisha kuwaaga wa sokoni, amekwisha kuamini. Dokta alimwambia kwamba jibu lile halina thamani tena, kwamba huenda lugha yake iko pale pale kwenye kasoro, na kwamba barua haitaondoka. Kwa mara ya kwanza niliona hofu usoni mwa Maman Faida.

"Basi niliimba bure?"

"Misa haipoteake," alisema Papa Birindwa, lakini hata sauti yake haikutosha siku hiyo.

Tukaanza upya. Dokta alisema sauti iwe moja masikio yote mawili, ili pasiwe na mkubwa wala mdogo. Papa Birindwa alijitolea mara moja. Ikawa mbaya zaidi. Wagonjwa walivaa, wakasikia muzee mmoja akisema mambo mawili kwa pamoja, wakanyamaza kabisa wakikunja mikono. "Muzee hajajua anataka nini," mmoja alinieleza kwa kunong'ona. "Tumuache amalize." Nikarekodi mimi masikio yote. Hapo walijibu bila wasiwasi wowote, wengine wakinirekebisha matamshi. Dokta aliandika kwamba sauti yangu inafaa sana kwa kazi ya sayansi, na sababu yake hakuiandika. Papa Birindwa alinuna, hakunitazama usoni siku nzima, akapona nilipomletea tangawizi.

Sasa mambo yakakaa kama vitabu vinavyosema. Wapishi kushoto, mlinzi kushoto, wagonjwa karibu wote kushoto. Meneja aliomba kupimwa tena, akabaki kushoto, akaumia kugundua kwamba yuko kama wengine. Maman Faida tukamwacha wa mwisho, kwa sababu tuliogopa. Nilimvalisha mwenyewe. Alijibu maneno ya sikio la kushoto, yaani lugha kulia. Niligeuza écouteurs, ya huku yaende huku, maana kifaa nacho kinaweza kuwa na sikio bovu. Ya sikio la kushoto tena. Nilitamani kumkumbatia, lakini tulikuwa tumekwisha kufurahi mara moja kabla ya wakati.

Kilichotusaidia ni jirani yake wa sokoni aliyekuwa amemsindikiza. Huyo alitupa siri ambayo hakujua ni siri. "Ikimukamata, mukono ya kuume inakunjama, macho inageuka," alisema, "lakini mulomo inaendelea tu kuita batu. Kwa hiyo benye soko banasema anajifanyaka. Mutu wa kifafa gani anatukana vizuri vile?" Tukambandika vikombe, tukangoja. Siku ya pili kifafa kikamkamata kwenye kiti chetu. Mistari ya kushoto iliruka kama mahindi sufuriani, mkono ukajikunja. Papa Birindwa akataka amwambie asali Salamu Maria, lakini Dokta alikuwa ametufundisha kwamba sala haihesabiki, inatoka yenyewe hata kwa mtu aliyepoteza maneno. Muulize kitu ambacho hajakikariri. Nikamuuliza nani anauza karibu na meza yake. Macho yake hayakuniona, lakini alijibu jina, akaongeza ukoo, akaongeza na tabia ya samaki wa mtu huyo. Jirani yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoka nje bila kuaga.

Kichwa cha kushoto kilikuwa kinawaka moto na mdomo ulikuwa unaendelea na biashara. Maneno yalikuwa yamehama kweli. Dokta aliandika barua nyingine, akaeleza yote, hata habari ya adabu. Wapasuaji walijibu kwamba wamesadiki, na kwamba aya ile wameisomeana kwa sauti. Maman Faida akasafiri na binti yake mkubwa.

Asubuhi moja, baada ya upasuaji, simu ya Dokta ikalia tukiwa kazini. Nilimwona akisikiliza, akavua miwani. Mgonjwa ameamka, walisema, anakula, anachezesha mikono na miguu vizuri. Lakini tangu aamke hajatamka neno hata moja. Wanamwonyesha kalamu, hasemi. Wanamwonyesha ufunguo, anageukia ukutani. Kuna muuguzi wa huko anayejua Kiswahili, naye amejaribu, bure. Binti yake wamemzuia bado asiingie.

Papa Birindwa alitoa rozari mfukoni. Ni sauti yangu iliyokuwa katika masikio yake mawili, ni mimi niliyegeuza écouteurs, na kwa ushahidi huo wamefungua kichwa cha mwanamke na kutupa mdomo wa kwanza wa Kadutu. Niliwaza meza yake. Niliwaza atauza na macho. Nilimwomba Dokta wamwekee simu sikioni, sijui kwa nini, sikuwa na cha kumwambia. Nikasikia mashine za huko zikilia, kisha pumzi ya mtu.

"Asinge, Maman Faida," nilimsalimia.

Dokta alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Asinge, binti," simu ikajibu. "Muliamuka? Batoto banaendelea? Papa Birindwa iko muzima? Na Dokta, kikohozi yake? Mvua inanyesha huko?"

Nilijibu nilivyoweza, na alisubiri kila jibu kabla ya kuuliza lingine. Alipomaliza kutuulizia wote, akavuta pumzi.

"Hapa hakuna benye adabu hata mumoja. Toka niamuke, hakuna mwenye alinisalimia. Mutu anaingia tu, hata bonjour, ananiwekea funguo mbele ya macho: hii ni nini, hii ni nini. Mimi nitamujibia mutu mwenye hajanisalimia? Na ye hajui kama ni funguo?"

Papa Birindwa alicheka mpaka rozari ikaanguka. Dokta aliketi sakafuni na koti lake jeupe. Mimi nililia, nikainama kuokota rozari, simu ingali sikioni. Simu ilisubiri, ikasubiri, kisha ikakasirika.

"Binti, mbona unanyamaza? Ni weye njo balipasua kichwa?"